Kumpisha Asiye na Injini

Waya wa winchi hauonekani kutoka angani. Hilo ndilo jambo la kwanza analopaswa kulijua rubani anayetaka kutembelea uwanja wa klabu ya glaida, zile ndege zisizo na injini, na mengi ya yale atakayoelekezwa baadaye yanatokana nalo. Glaida inakaa ncha moja ya uwanja na winchi ncha nyingine, kiasi cha kilomita moja kati yao. Ngoma ya winchi inazunguka, waya unajikunja, na ndege inapanda kwa mwinuko mkali, pua ikitazama mbingu, mfano wa kishada cha mtoto anayekimbia dhidi ya upepo. Dakika moja haijaisha imeshafika futi elfu moja, na siku ya upepo mzuri hupita hapo kwa mbali. Rubani anaachia waya, mwavuli mdogo unafunguka kwenye ncha ili usianguke ovyo, na dereva wa winchi anaurudisha nyumbani. Ndege iliyopaa mgeni ataiona, akiwa makini. Waya wenyewe, wa chuma au wa nyuzi za plastiki ngumu, wenye unene wa milimita chache tu, hatauona.

Kwa sababu hiyo ramani za anga za Uingereza huandika, kando ya alama ya uwanja wenye winchi, kimo ambacho waya unaweza kufikia. Kwa sababu hiyo hiyo mgeni huambiwa apige simu kabla ya kuwasha injini. Viwanja vingi vya glaida havipokei ndege bila ruhusa ya mapema, na mtu anaweza kudhani ruhusa hiyo ni urasimu, mhuri mwingine kati ya mihuri. Sivyo. Anayepokea simu anataka kukwambia leo winchi imewekwa upande gani, upepo unatoka wapi, glaida zinazunguka kushoto au kulia kabla ya kutua, na sehemu gani ya nyasi imejaa magari na watu. Mambo hayo hubadilika kati ya asubuhi na adhuhuri. Aliyepiga simu jana anayajua ya jana.

Ugumu ni kwamba rubani mgeni haji mikono mitupu; anakuja na mazoea. Aliyefundishwa kuendesha ndege ya injini Uingereza amezoea kufika juu ya uwanja asioujua akiwa na futi elfu mbili, akautazama vizuri, akashukia upande usiotumika, kisha akajiunga na mstari wa wanaotua. Ni desturi nzuri, na mahali pengi imeokoa maisha. Lakini uwanja wa glaida hauna upande usiotumika. Glaida hurudi kutoka popote hewa ilikozipeleka, kushoto na kulia, na juu kabisa ya uwanja, pale ambapo mgeni alifundishwa kuwa ni salama kusimama na kutazama, ndipo waya unapopanda. Basi maelekezo humtaka afanye kinyume cha alichojifunza kwa bidii. Nimesoma maelekezo ya aina hii yaliyojaa makatazo ya herufi kubwa, usifanye hiki, usipite kule, na nimesoma mengine yanayotumia sentensi mbili tu kueleza waya uko wapi na unafika wapi. Haya ya pili ndiyo nayaamini. Mtu aliyepewa sababu hujitungia makatazo mengine mwenyewe pale karatasi iliponyamaza.

Tuchukue Sutton Bank, kaskazini mwa Uingereza, ambako klabu ya glaida ya Yorkshire imekaa tangu miaka ya 1930. Uwanja uko juu ya jabali, kwenye ukingo wa magharibi wa nyanda za North York Moors, zaidi ya futi 900 juu ya usawa wa bahari. Chini yake kuna tambarare ya mashamba inayokwenda mpaka macho yachoke. Ubavuni mwa kilima kuna farasi mweupe mkubwa aliyechorwa kwa kukwangua majani mwaka 1857. Kaskazini kidogo, chini ya miti, kuna ziwa dogo la Gormire. Na chini ya nyasi za uwanja wenyewe kuna mabaki ya ngome ya watu wa Enzi ya Chuma, walioupenda ukingo huu kwa sababu zao, tofauti na za marubani. Kati ya jabali na uwanja inapita njia ya miguu iitwayo Cleveland Way, kwa hiyo wageni wa Sutton Bank ni pamoja na watu wenye mikoba mgongoni, watoto, na mbwa wasiojua winchi ni nini.

Klabu ilikuja hapa kwa ajili ya upepo. Upepo wa magharibi unavuka tambarare bila kizuizi, unagonga jabali, unakosa pa kwenda ila juu. Glaida ikikaa kwenye hewa hiyo inayopanda, ikienda na kurudi sambamba na ukingo, inaweza kubaki angani saa nyingi mradi upepo haukomi. Jabali linalotoa, hata hivyo, hunyang'anya pia. Upepo ukigeuka ukawa wa mashariki, hewa ile ile inaporomoka ukingoni, na rubani anayekuja kutua kutokea upande wa tambarare anakutana na hewa inayoshuka mahali pabaya kuliko pote, yaani sekunde chache kabla ya kuuvuka ukingo. Akiwa amekuja chini chini, kama alivyozoea kwenye uwanja wa bondeni, jabali litakuwa mbele ya pua yake wala si chini ya magurudumu. Mwenyeji huja juu zaidi na kwa mwendo zaidi, na wala hafikirii tena kwa nini. Mgeni lazima aambiwe.

Kuna na hili la altimita, kipimo cha kimo. Marubani wa glaida wengi huiweka isome sifuri wakiwa chini uwanjani, ili angani wajue wako juu ya nyumbani kwa kiasi gani. Kwenye uwanja wa bondeni mpango huo hauna shida. Lakini anayeruka kutoka Sutton Bank akateleza chini ya ukingo, altimita yake itasoma sifuri naye bado yuko hewani, na mamia ya futi yamebaki kabla ya ardhi. Si kosa la kifaa. Ni kwamba uwanja sasa uko juu ya kichwa chake, na bila injini hakuna njia ya kuurudia. Kuanzia hapo kazi yake ni moja, kuchagua shamba. Kwa klabu ya London, pale Dunstable Downs, mambo yamegeuzwa: uwanja uko chini ya kilima, na rubani aliyeshindwa na mteremko anageuka na kutua nyumbani, akiwa na aibu kidogo na hamu ya chai. Mtu aliyejifunza Dunstable miaka ishirini anaweza kufika Sutton Bank na mwili wake ukawa bado unaamini kwamba kushuka ni kurudi nyumbani. Maelekezo ya mgeni yanashindana na mwili huo.

Ila ningependa kukaa kidogo kwenye jambo lililo chini ya haya yote, yaani nani ampishe nani.

Sheria ya anga hapa ni fupi, na imekubaliwa karibu dunia nzima. Ndege ya injini inaipisha glaida. Glaida inalipisha puto. Ndege inayovuta nyingine hupishwa na ndege ya injini isiyovuta kitu. Kati ya mbili zinazokuja kutua, iliyo chini zaidi ina haki, ingawa aliye chini haruhusiwi kutumia haki hiyo kumkata mwenzake njia. Ukizitazama hizo kwa pamoja utaona zimepangwa kwa kigezo kimoja: nani ana uwezo mdogo zaidi wa kukwepa. Mwenye injini anaweza kuongeza mwendo, kupanda, kuzunguka mara nyingine, kwenda zake na kurudi baada ya robo saa. Glaida iliyo kwenye njia ya kutua haina jaribio la pili. Puto halina hata usukani wa kugeuzia. Asiye na namna ndiye anayepishwa.

Sisi tuliokulia kando ya barabara kuu tumelelewa kwenye ngazi iliyopinduliwa. Kati ya Chalinze na Morogoro, au Mombasa na Nairobi, gari dogo linalipisha basi, bodaboda inalipisha gari dogo, baiskeli inashuka vumbini, na mwenda kwa miguu husubiri mpaka wote wamalize. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo na hakuna asiyeijua. Mwenye chuma kingi ndiye mwenye njia. Sisemi kwamba marubani ni watu wema kuliko madereva. Wengine nadhani ni madereva wale wale. Tofauti ni kwamba angani hakuna pembeni. Baiskeli ina vumbi la kushukia, glaida haina. Pale ambapo mnyonge hana pa kukimbilia, mwenye nguvu ndiye anayebeba mzigo wa kutazama, kwa sababu akiacha kuubeba hakuna mwingine wa kuubeba, na hasara itamfikia na yeye.

Kwenye mteremko kigezo hiki kinaonekana wazi zaidi. Kanuni ya jumla ni kwamba ndege mbili zikikutana uso kwa uso, kila moja inageukia kulia. Sasa ziweke glaida mbili kando ya jabali la Sutton Bank, moja ikienda kaskazini, nyingine kusini, zote zimebana ukingo kwa sababu hewa nzuri iko hapo. Inayokwenda kaskazini ina jabali kulia kwake. Ikigeukia kulia inalivaa jabali. Basi nyingine, ile yenye jabali kushoto na anga tupu kulia, ndiyo inayotoka na kupisha, na yenye jabali kulia inashika njia yake. Kila kona hupigwa kuelekea nje, mbali na mlima, hata kama hewa bora imebaki nyuma. Mgeni aliyetoka kwenye nchi tambarare anaweza kuwa ameyajibu haya yote kwenye mtihani miaka mingi iliyopita na asiwahi hata siku moja kuyafanya kwa mikono yake.

Ndiyo sababu ya jambo linalowaudhi wageni wenye majina. Unafika na daftari lako la rubani, saa mia tano, saa elfu moja, pengine beji za kimataifa za masafa na kimo, na mkufunzi ambaye huenda ni kijana wa umri wa mwanao anakwambia kwa upole, karibu, tutaruka pamoja kwanza. Anakaa kiti cha nyuma. Anataka kuona nini? Si kama unajua kuruka. Hilo daftari limeshasema. Anataka kuona utafanya nini hapa, waya ukikatika.

Maana waya hukatika, na winchi huzimika. Kabla ya kuvutwa rubani hupitia ukaguzi wake kwa sauti: usukani unakwenda kote, uzito uko sawa, mikanda imefungwa, vipimo vinasoma, kioo kimefungwa, breki za hewa zimefungwa na kufuli lake. Mwisho wa orodha ya Waingereza kuna kipengele ambacho si cha kukagua kitu chochote. Ni cha kusema yanayoweza kutokea. Rubani anasema: waya ukikatika nikiwa chini, nitashusha pua, nitasubiri mwendo urudi, nitatua moja kwa moja mbele. Ukikatika nikiwa juu zaidi, nitashusha pua, nitasubiri mwendo, nitageukia kushoto, kwa kuwa upepo unatoka kulia. Nusu ya kwanza ya maneno hayo ni ile ile duniani kote. Nusu ya pili ni ya mahali. Kushoto kuna nini? Miti? Jabali? Uwanja ni mfupi kiasi gani, na ni kimo gani ambacho mbele pameshakuwa karibu mno ilhali kuzunguka bado ni hatari? Mwenyeji ana jibu mwilini. Mkufunzi anataka kulisikia kutoka kinywani mwa mgeni, kisha, pengine, katikati ya kupanda, bila kuaga, atavuta kitasa cha kuachia waya ili aone kama kinywa na mikono vinapatana.

Nampenda hapa Amy Johnson, binti wa Hull, ambaye mwaka 1930 aliruka peke yake kutoka Uingereza hadi Australia kwa ndege ndogo ya injini moja, na ambaye miaka ya mwisho ya muongo ule alivutwa na glaida. Mtu aliyevuka nusu ya dunia akakaa kwenye chombo kisicho na sauti ya injini kumwambia kama mambo ni shwari. Sifa zake hazingeweza kuubadilisha upepo wa siku ile, na mtu yeyote anayekuja na daftari nene angefanya vizuri kumkumbuka.

Kuna na maneno madogo ya uwanjani ambayo mgeni lazima ayajue kabla ya kugusa chochote. Kati ya waya na glaida hufungwa kiungo cha chuma kilichotengenezwa makusudi kikatike mvuto ukizidi, ili kikatike chenyewe badala ya bawa. Viungo vinavyotumika sana hupakwa rangi kufuata nguvu: cheusi ndicho kigumu kuliko vyote, hustahimili mvuto unaokaribia uzito wa kilo 1,000, cha bluu 600, cheupe 500. Mgeni aliyeleta glaida yake mwenyewe kwenye tela ataulizwa rangi gani, na hilo si swali la kujibu kwa kukisia. Glaida ikiwa imekaa, bawa moja liko chini kwenye majani, na maana yake rubani hayuko tayari. Hakuna anayelinyanyua mpaka rubani atoe ishara. Likinyanyuliwa, anayetoa ishara anazungusha mkono mmoja chini ya kiuno: vuta waya uliolegea. Waya ukikaza, mkono unapita juu ya kichwa: vuta sasa. Mikono yote miwili juu: simama. Yeyote uwanjani akiona hatari anaweza kupiga kelele ya kusimamisha, awe mwanachama wa miaka arobaini au mtoto aliyekuja na shangazi yake, na mvuto husimamishwa kwanza, maswali baadaye. Bawa likigusa chini wakati ndege inaanza kukimbia, rubani anaachia waya papo hapo. Hangoji kuona kama litanyanyuka. British Gliding Association ilipoanzisha kampeni yake ya usalama wa winchi mwaka 2005, hili lilikuwa kati ya yaliyosisitizwa zaidi: mkono ukae kwenye kitasa cha kuachia, kwa sababu mkono ulio gotini huchelewa.

Waswahili tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Klabu ya glaida haina subira hiyo. Jembe hutolewa kabla ya chai. Kurusha mtu mmoja kunahitaji dereva wa winchi, mtoa ishara, mshika bawa, mfunga waya, mwandishi wa saa, na mtu mwenye gari la kwenda kuikokota ndege iliyotua ncha ya mbali. Wengi wa hao ni wanachama wasiolipwa, kila mmoja akingoja zamu yake ya kuruka. Katika milima ya Rhön, Ujerumani, ambako mchezo huu ulikomaa miaka ya 1920, kikosi cha vijana kilikuwa kikikimbia kuteremka mlima kikivuta kamba ya mpira ili mmoja wao apae, kisha wote wanashuka kuikokota ndege juu tena. Klabu ya Long Mynd, karibu na mpaka wa Wales, bado hurusha hivyo pindi upepo unaporuhusu. Mgeni anayefika saa tano, akaruka saa sita, akaondoka saa saba bila kushika bawa la mtu hajavunja kanuni yoyote iliyoandikwa. Mara ya pili atashangaa kwa nini zamu yake inachelewa.

Hewa yenyewe nayo ina wenyeji. Siku ya jua ardhi hupata joto bila usawa, shamba lililolimwa likapata zaidi ya msitu, na kutoka hapo hupanda nguzo ya hewa ya moto. Glaida ikiipata huzunguka ndani yake na kupanda nayo. Aliyeiona kutoka mbali huja kwa kasi, na sasa wako wawili, watatu, saba, kwenye nafasi finyu, kila mmoja ameinamisha bawa. Kanuni ni kwamba wa kwanza kuingia ndiye aliyeamua mwelekeo. Wote wanaofuata huzunguka alivyozunguka, kushoto kama ni kushoto, hata kama kila mmoja anapendelea kulia. Anayeingia huingia kwa nje, mahali anapoonekana, na asipopata nafasi ya kuingia bila kumfanya mtu mwingine abadili mzunguko wake, anakwenda kutafuta nguzo nyingine. Tangu mwaka 2004 kuna kifaa cha Uswisi kiitwacho FLARM, kinachoziambia ndege zilipo jirani zake na kupiga kengele zikikaribiana mno. Kimeokoa watu. Lakini hakijui nani aliingia kwanza, na hakina adabu ya kusubiri.

Tai wa Serengeti wanajua zaidi kuhusu nguzo hizi kuliko klabu yoyote. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanabiolojia Mwingereza Colin Pennycuick alikuwa huko na glaida yenye injini ndogo ya kusaidia. Alipaa kwa injini, akaizima, akawafuata tai na korongo ndani ya hewa yao, akipima wanavyopanda na wanavyoteleza kutoka nguzo moja hadi nyingine. Sijui mgeni gani mwingine wa anga aliyekuwa na wenyeji wa aina hiyo. Kenya nayo ilipata kuwa na klabu ya glaida, pale Mweiga karibu na Nyeri, kati ya safu ya Aberdare na Mlima Kenya. Kwa rubani aliyetoka Ulaya mtego wa huko haukuwa jabali wala ukungu. Ardhi ya Nyeri iko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kipimo cha mwendo husoma namba ile ile aliyoizoea nyumbani huku ndege kwa kweli inakwenda haraka zaidi kwa asilimia kumi hivi. Majani yanapita kwa kasi isiyo ya kawaida chini ya magurudumu, na mgeni anashawishika kuvuta pua ili apunguze mwendo, jambo ambalo hapaswi kulifanya. Kipimo ndicho cha kuaminiwa. Macho yamebaki Ulaya.

Huja siku mwenyeji wa jana akawa mgeni bila kupiga simu yoyote. Anayeruka masafa marefu kwa glaida anajua kwamba nguzo za hewa zinaweza kukoma saa kumi alasiri, kilomita sitini kutoka nyumbani. Akiwa bado na futi elfu mbili anaanza kutafuta mahali pa kutua, na akiwa na elfu moja awe ameshachagua. Anatazama ukubwa wa shamba, mteremko wake, kilichooteshwa, mifugo, na kinachozunguka. Baada ya mavuno mambo ni rahisi, mabua mafupi ni rafiki. Mwezi wa sita, ngano ikiwa imesimama, ni shida. Nyaya za umeme anazitafuta kwa kutafuta nguzo. Halafu anatua, ndege inasimama, anafungua kioo, na yuko kwenye mali ya mtu asiyemjua.

Klabu zina maelekezo kwa hali hii pia, na ukiyasoma sambamba na yale ya mgeni wa uwanjani utaona mwandishi ni yule yule, ila sasa anazungumza na watu wake. Usiondoke ukaenda kutafuta chai. Mtafute mwenye shamba kabla hajakutafuta yeye. Mpe jina lako na la klabu, mwambie bima ipo kama kuna mazao yaliyoharibika, na uoneshe palipoharibika badala ya kungoja apaone. Usiwaruhusu watu waliosimamisha magari barabarani wakanyage kuja kupiga picha. Kama kuna ng'ombe, kaa na ndege, maana ng'ombe hupenda kulamba na kusukuma, na glaida haistahimili mapenzi ya ng'ombe. Usimlete mwenzako na ndege ya kuvuta ili akutoe kwa njia ya angani mpaka mwenye shamba amekubali, na akisita, chukulia amekataa. Piga simu klabuni mapema, kwa sababu jua likikaribia kuzama na hujulikani uko wapi, wataanza kukutafuta.

Wenzake wanafika na tela jioni, pengine usiku, wanayachomoa mabawa kwa tochi. Wakulima wanaoishi chini ya njia za glaida wengi wao wameshawapokea watu hawa mara kadhaa, na hawashangai tena. Wanataka kujua tela ni refu kiasi gani, litapita geti lipi, na kama dereva anajua kwamba upande wa chini wa shamba pana tope.